Mashine Niliyoichagulia Ofisi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili nisije nikasingiziwa ushujaa huko mbele. Tangu nimalize kidato cha nne sijapata kulala nje ya Tanga zaidi ya siku tatu, na hizo tatu zilikuwa za msiba Muheza, kabla sijaajiriwa, nikarudi na tumbo la kuendesha. Dada yangu, aliyenilea na ambaye nyumba ya Chumbageni ilikuwa yake, alikuwa akiniita mwali.

"Mwali wangu hajambo?" ataniuliza akirudi sokoni Jumamosi, kapu kichwani, anikute nimejilaza barazani na gazeti la juma lililopita. "Siku ukitolewa ndani, ngoma nitapiga mwenyewe."

"Toa taarifa mapema," namjibu, "nisije nikawa nimelala."

Hata kazi niliipata bila ya kuitafuta. Dada alikuwa mpiga chapa wa siku nyingi katika shirika moja la umma lililosimamia mashamba ya mkonge, na ndiye aliyenifundisha kupiga chapa juu ya meza ya jikoni, akinifunika macho kwa upande wa kanga ili vidole vizoee njia. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa Afisa Utumishi, nami nikawekwa masijala kutunza majalada. Masijala kilikuwa chumba kisicho na dirisha. Nilikipenda siku ileile.

Katika miaka ya foleni tulikuwa na kazi, hatuna sabuni. Ruksa ilipokuja, biashara zikafunguliwa, sabuni zikajaa madukani mpaka zikamwagika vibarazani, zikaanza kuadimika kazi. Hatukushtuka mara moja. Lilianza neno tu, "kupunguzwa," tukalichukulia kama neno la Dar es Salaam, la huko kwao. Halafu asubuhi moja honi ya kiwanda cha jirani haikulia. Nusu ya mji ilikuwa ikiamka kwa honi ile, wakiwemo watu ambao hawakupata hata siku moja kukanyaga kiwandani. Siku hiyo tulichelewa wote, na tulipofika ofisini hakuna aliyetugombeza. Hilo ndilo lililonitia baridi. Bosi alikuwa amesimama juu ya ngazi, anatutazama tunavyoingia mmoja mmoja, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu.

Shirika letu nalo lilikuwa linaandaliwa kuuzwa. Kila mtu alijua kuwa watu watapunguzwa, ila hakujua nani, wala lini. Kwenye hilo la nani tulikuwa na kinga moja, nayo niliilinda mimi mwenyewe masijala: rejesta. Lilikuwa buku kubwa la jalada jekundu, kila mfanyakazi ameandikwa siku aliyoajiriwa, chini ya aliyemtangulia. Kamati ya wafanyakazi ilikuwa imekubaliana na uongozi kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Hakuna aliyeliona jambo zuri, lakini kila mtu aliweza kuja masijala, akalamba kidole, akafunua, akajua mahali pake. Jina la dada lilikuwa kurasa za mwanzo, mahali ambapo karatasi ilikwisha kuwa ya njano. Langu lilikuwa ukurasa wa mwisho, la tatu kutoka chini.

"Basi wewe ndiye wa kufunga virago," dada alisema jioni moja tukila, kama anayesema kesho ni Jumanne.

"Unafurahi?"

"Sifurahi. Nahesabu. Nikibaki mimi, wanangu watatu watasoma, mama atapelekwa hospitali na mguu wake, na wewe mwali utakula ubwabwa ndani. Ukibaki wewe peke yako, tutakula majalada."

Alisema kweli. Mshahara wangu ulitosha mimi na mswaki wangu. Mama yetu, aliyekuwa amelala chumba cha pili, akaitikia huko ndani, "Amina," bila ya kujua ameitikia nini.

Mwezi huohuo bosi akaniita. Nilikwenda nimekwisha kuiandaa sura ya mtu aliyefukuzwa. Kumbe alitaka kompyuta. Mtaalamu angekuja kutoka Dar es Salaam kusaidia maandalizi ya kuuzwa, na alikuwa ametuma salamu kuwa hafanyi kazi bila ya kompyuta. Ofisi nzima hakuna aliyejua kompyuta inanunuliwaje. Mimi nilijulikana kuwa husoma vitabu vya bei za mashine vinavyoletwa na wafanyabiashara, navisoma kama wengine wanavyosoma riwaya, kwa sababu masijala hakukuwa na kingine.

"Nenda ukaone, ulete ankara kifani ya kuonyesha bei, na fomu ya mapendekezo," bosi aliniambia. "Uchague wewe. Ikiharibika ni wewe."

Mtu aliye ukurasa wa mwisho anapoambiwa achague kitu, hufikiri mengi. Nilifikiri kwamba mwenye kuchagua mashine ndiye atakayeikalia, na mwenye kuikalia hatoki. Sikumwambia dada fikira hiyo. Nilimwambia nimetumwa dukani.

Duka lenyewe lilikuwa Usagara, palepale mjini, la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza spea za baiskeli na za cherehani tangu kabla sijazaliwa, na sasa, kwa kuwa mwanawe alikuwa Dubai, akauza na kompyuta. Zilikuwa mbili, juu ya meza moja, katikati ya minyororo na mafuta ya mashine.

"Shikamoo."

"Marahaba, bwana mdogo. Ofisi gani?"

Nilipoitaja alinitazama kwa huruma ambayo sikuiomba, akavuta kiti.

Siku hizi vijana wanasema kichakataji, na wanajua kasi zake kama majina ya wachezaji mpira. Sisi tulisema ubongo wa mashine. Ile ya kwanza ubongo wake ulikuwa tatu-nane-sita, ya pili nne-nane-sita, na kwa macho yangu zilikuwa ndugu wa tumbo moja, masanduku mawili ya rangi ya jibini iliyochacha.

"Sikiliza," yule mzee akasema. "Tatu-nane-sita ni cherehani ya mkono. Utashona, nguo itatoka, lakini mkono utauma. Nne-nane-sita ni ya umeme. Halafu ile ndogo, hesabu kubwa zikija inazifanya kwa tabu, haina fundi wa hesabu. Hii kubwa, fundi anaishi humohumo ndani ya ubongo. Unaelewa?"

"Kazi yetu ni kuandika barua," nikasema.

"Kama ni barua tu, chukua ndogo. Mimi mfanyabiashara, lakini Mungu ananiona. Barua haitaki fundi."

Hapo ingekuwa imekwisha. Ningechukua ndogo, ningerudi masijala, na nisingekuwa na cha kuandika leo. Ila yule mzee, katika kunionyesha tofauti, akafungua mchezo wa ndege. Kwanza kwenye ile ndogo. Ndege ikapaa kwa kushtuka-shtuka kama mgonjwa anayepandishwa ngazi. Nilicheka. Kisha akaufungua kwenye kubwa, akaniachia kibodi.

Sijui niseme nini. Uwanja wa ndege ulirudi nyuma yangu laini, ukaja mto, likaja daraja, zikaja ghorofa za mji nisioujua, nami napita juu yake nimekaa juu ya kiti cha mbao Usagara. Mimi niliyeumwa tumbo kwa kufika Muheza tu! Nilikizunguka kisiwa kizima. Nilianguka baharini mara tatu, na mara zote tatu sikulowa. Nilipoinua kichwa adhuhuri ilikuwa imepita, na yule mzee alikuwa amekwenda kuswali, amerudi, na anakula karanga.

"Umechagua," alisema. Halikuwa swali.

"Nitawaambiaje ofisini? Siwezi kuandika ndege."

"Andika kazi. Kubwa inapanga orodha haraka. Una majina ya watu? Itakupangia vyovyote utakavyo. Warefu mbele, wafupi nyuma, wenye ndevu kando." Akacheka. "Ndogo nayo itapanga, lakini weka orodha ndefu uone. Utakwenda harusini, utarudi, bado inafikiri."

Fomu ya mapendekezo ilikuwa na mistari mitatu ya "Sababu," na katika ofisi za umma mstari mtupu ni dhambi; fomu yenye mstari mtupu hurudishwa na Mhasibu hata kama nyumba inaungua. Sababu ya kwanza niliandika kasi. Ya pili, kudumu. Ya tatu ikanikaukia. Nikayachukua maneno ya yule mzee, nikayavisha tai: "Ina uwezo wa kuwapanga wafanyakazi kwa namna yoyote itakayotakiwa, kwa muda mfupi."

Fomu ikaenda kuchapwa, na aliyeichapa ni dada. Nilisimama pembeni ya meza yake nikimsubiri. Mashine yake ilikuwa ikienda kama mvua juu ya bati, mara ikanyamaza.

"Kuwapanga wafanyakazi?" aliuliza. "Kwani hawajapangwa?"

"Ah, dada, maneno tu hayo. Ya kujazia mstari."

"Rejesta si ipo?"

"Ipo."

"Sasa kupangwa kwingine kwa nini?"

"We chapa tu. Mhasibu hataki mstari mtupu."

Alinitazama kidogo juu ya miwani. Wenzake wawili wa chumba kile waliacha kuchapa ili wasikie. Kisha akasema, "Na hapa umeandika 'itakayotakiwa.' Itakayotakiwa na nani?"

"Na ofisi."

"Haya," akasema, akaendelea. Nakala nne, kaboni katikati, bila ya kosa hata moja.

Mashine ilipofika iliwekwa chumba cha pekee, kikafungwa kiyoyozi. Tanga na joto lile, watu walitafuta visingizio vya kupita mlangoni wapigwe na upepo. Wiki ya kwanza ilikuwa yangu. Mzee wa dukani alikuwa ameuacha mchezo wa ndege humohumo, nami niliruka kila mchana, mlango nimeurudishia, sauti nimeizima. Wenzangu walipita wakasema, "Rubani, umefika wapi?" nikasema nipo juu ya mawingu, msinipigie kelele.

Wiki ya pili mtaalamu akaja. Nilitegemea jitu la kutisha. Alikuwa kijana mwembamba wa umri wangu, shati jeupe, na sauti ya chini kama mtu anayezungumza wodini. Alimsalimia kila mtu. Wapiga chapa aliwapa shikamoo wote, dada akafurahi, akaniambia nyumbani, "Huyu kafunzwa." Kabla ya kuketi alizunguka nyuma ya mashine, akasoma karatasi zilizobandikwa pale, akatabasamu.

"Nani kaichagua?"

"Mimi."

"Vizuri sana," akasema. Sikulala vizuri siku ile, na sikujua kwa nini.

Alitaka majalada yote yaingizwe mashineni: jina, mwaka wa kuzaliwa, siku ya kuajiriwa, elimu, siku za ruhusa, siku za ugonjwa. Mimi nilichapa, na kwa kuwa majalada yalikuwa mengi, wapiga chapa waliitwa kwa zamu kunisomea. Mashine zao kule chumbani zilinyamaza. Jengo zima lilibaki na mlio mmoja, wa vidole vyangu. Zamu ya dada ilipofika alisoma kama anavyofanya kila kitu, wazi, bila ya kukosea. Alipofika kwenye jalada lake mwenyewe alilisoma kwa sauti ileile.

"Elimu, darasa la nane. Siku za ruhusa," akasita, "andika zote. Mguu wa mama huo. Usipunguze hata moja, wasije wakasema ndugu yake."

Nikaandika zote. Langu lilikuwa fupi. Kidato cha nne. Ruhusa, sifuri. Ugonjwa, sifuri. Sikuwahi kuomba ruhusa kwa sababu sikuwahi kuwa na pa kwenda.

Alhamisi mchana tulimaliza. Mtaalamu akavuta kiti karibu yangu. Tulikuwa wawili tu, na kiyoyozi kinanguruma.

"Panga kwa siku ya kuajiriwa," alisema. Nikabonyeza. Majina yakaruka, yakatulia. Ilikuwa rejesta yetu ileile, dada juu, mimi mkiani. Akaipitia, akapiga miayo.

"Sasa panga kwa elimu. Wanaolingana, kwa umri. Wanaolingana tena, kwa siku walizokosa kazini."

"Lakini kamati ilikubaliana..."

"Najua. Walikubaliana kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya haraka. Orodha inatakiwa kesho." Alisema taratibu, kwa upole kabisa. "Ningekuta mashine ndogo hapa nisingethubutu. Ningechukua buku lenu, nikakata mkia, nikarudi kwangu. Bonyeza."

Nikabonyeza. Nilikuwa nimezoea kuona uwanja wa ndege ukirudi nyuma laini. Majina yalikwenda vilevile, laini, bila ya kushtuka. Kumwona mtu wako anashuka katika kioo si kama kumwona anaanguka. Hakuna sauti. Jina la dada lilikuwa juu, halafu halikuwepo, nikalitafuta nikishusha, nikishusha. Mtaalamu akanyoosha kidole, akaweka kalamu yake juu ya kioo, akahesabu, akaniambia niweke mstari pale. Dada alikuwa chini ya mstari. Mimi nilikuwa juu ya mstari kwa nafasi kumi na moja.

"Nakwenda kunywa chai," akasema. "Nikirudi tutachapisha."

Akatoka. Mlango ukajirudisha.

Nimekwisha kulisimulia jambo hili kwa watu wachache, na kila mara hapa huharakisha. Leo siharakishi. Nilikuwa na muda wa kikombe kizima cha chai. Palipoandikwa "darasa la nane" palihitaji vidole viwili kuwa "kidato cha nne," na nani angekwenda kufunua jalada, wakati mtunza majalada ni mimi? Nilipeleka mshale mpaka pale. Ukawa unamulika na kuzima, unamulika na kuzima. Nikajiambia kuwa akipanda yeye, atashuka mwingine, naye pia ana watoto. Ni kweli. Lakini sikumtafuta huyo mwingine ni nani. Nilichofanya, kabla ya lolote, ni kurudi juu kuhesabu upya zile nafasi kumi na moja, kuona kama zinanitosha. Zilinitosha. Hata angepanda yeye na wenzake wote wawili wa chumba kile, bado ningebaki. Nikazihesabu tena. Nilipomaliza kuhesabu, nilisikia viatu vya mtaalamu ngazini.

Printa ilichapa kwa kelele mpaka saa kumi.

Barua pia tulizitoa mashineni. Ilitosha barua moja, mashine ikabadilisha majina yenyewe. Wapiga chapa hawakuguswa kwa kazi hiyo. Walikaa mbele ya mashine zao zilizofunikwa, mikono mapajani. Tarishi alizigawa Ijumaa kabla ya swala. Dada aliifungua palepale, akaisoma mpaka chini, akaikunja mara mbili, akaingiza kwenye mkoba. Kamati ilikwenda kwa bosi, ikatoka imeinamisha vichwa. Waliambiwa ni vigezo, na vigezo vimetolewa na kompyuta.

Nyumbani dada aliingia jikoni siku ile, na ya pili. Aliniandalia chakula kama kawaida. Watoto walijua, wakawa wanapita mbele yangu kwa adabu mpya, kama mgeni. Nilipomwambia mama mshahara wangu wote nitauweka mikononi mwa dada, alisema, "Mwanangu, na wewe utakula nini?" nikakumbuka kwamba ni kweli haukutosha.

Jumatatu alfajiri nilimkuta ukumbini amefunga doti za kanga na sabuni kwenye shuka. Alikuwa anakwenda Moa, kule mpakani, na akirudi angerudi na ng'onda, samaki wakavu wa kuuza. Yeye, mwenye miguu iliyozoea kukaa chini ya meza. Nilitaka kumbebea mzigo mpaka kituoni.

"Acha," alisema. "Utachelewa kazini."

Akajitwika mwenyewe, akashuka kibarazani, kisha akageuka. Hakuniita mwali. Aliniita kwa jina langu, jambo asilolifanya tangu nikiwa shule.

"Uliandika ile fomu. Ulijua?"

"Sikujua, dada. Wallahi."

Alinitazama muda, kama alivyonitazama juu ya miwani, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Na nilichomjibu ni kweli: siku niliyojaza fomu sikujua. Ila yeye alikuwa ameuliza "ulijua," hakusema siku gani, na mimi niliingia ndani kutafuta viatu vyangu bila ya kumuuliza.